Ndege Anayenyamaza Kwetu



Wazee wetu walituachia neno fupi: kusikia si kuona. Katika baraza la mugini neno hili linafanya kazi kila siku. Mtu anayeleta habari za kusikia anaambiwa akae kwanza, kisha anaitwa yule aliyeona kwa macho yake. Ni neno la haki, maana limeokoa watu wengi wasihukumiwe juu ya uvumi.

Lakini kuna mahali ambapo neno hili linafika na kusimama. Mahali pale ni katika majani marefu ya dembo wakati wa mvua. Viumbe vingi vya pale havionekani. Mtu anasikia tu. Tukikataa kila kitu tusichokiona, tutasema dembo iko tupu, na tutakuwa waongo. Tukikubali kila sauti jinsi woga wetu unavyoitafsiri, tutajaza dembo na vitu ambavyo haviko, na tutakuwa waongo vilevile. Kwa hiyo tunauliza: kumjua kiumbe ni nini? Ni kutambua sauti yake, ao mahali anapokaa, ao sura yake? Na tukiisha kumjua, kujua kule kunatudai nini?

Tumechagua kulitazama ulizo hili kwa njia ya ndege wa majani wanaohama, na zaidi wale wasioonekana mara kwa mara. Wengine watasema: mambo ya ndeke ni ya watoto wenye manati. Tunawaomba wavumilie kidogo. Tutaona kwamba namna mtu anavyomtambua ndege katika majani iko karibu sana na namna anavyomtambua mwenzake katika mji.

1. Majani yetu na wanaoyatembelea

Kusini-mashariki ya Congo, inchi yetu si msitu peke yake. Mtu akitoka Lubumbashi kuelekea kaskazini anapita katika mwitu wa miombo, na katikati ya mwitu anakuta mabonde mapana yasiyo na miti, yenye majani na udongo mweusi unaoshika maji. Hayo ndiyo madembo. Juu ya milima ya Biano, Kundelungu na Kibara kuna kitu kingine: tambarare za majani, zenye upepo na baridi ya usiku, ambazo zinaitwa dilungu. Watu wa elimu ya mimea waliyachukua maneno hayo mawili, dembo na dilungu, wakayaandika katika vitabu vyao vya Kifaransa vilevile yalivyo, sababu hawakupata maneno mengine yaliyosema jambo lile sawasawa. Sehemu za inchi hiyo ziko katika Parc ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka wa 1939, na Parc ya Kundelungu, iliyoanzishwa mwaka wa 1970.

Kati ya wanaoyatembelea majani hayo tutachukua wanne.

Wa kwanza anaitwa kwa Kifaransa râle des genêts. Ni ndege wa kiasi cha kwale mdogo. Mgongo wake una rangi ya majani makavu yenye mistari myeusi, na mabawa yake yana rangi ya kutu. Anazaa Ulaya na Asia, toka Ireland mpaka Siberia, na wakati wa baridi ya kule anashuka Afrika ya mashariki na ya kusini. Anafika mwezi wa 11 ao wa 12, anarudi mwezi wa 3 ao wa 4. Kule anakozaa, dume anaita usiku saa nyingi bila kuchoka, sauti ya kukwaruza mara mbili-mbili, kama mtu anayepitisha ukucha juu ya meno ya kichanuo. Sauti hiyo inasikika zaidi ya kilomita 1. Mwaka wa 1758 Linnaeus alipompa jina la elimu, aliandika sauti yenyewe, crex, na waliomfuata wakairudilia: Crex crex. Watu wengi wa kule wanaomjua tangu utoto hawajamuona hata mara moja. Wanamjua kwa masikio. Lakini hapa kwetu ananyamaza. Miezi yote anayokaa katika majani yetu, wimbo ule hausikiki.

Wa pili ni bécassine double, ndege wa tope mwenye mdomo mrefu. Anazaa kaskazini ya Ulaya na upande wa Urusi. Mwaka wa 2011 watu wa elimu wa Uswidi walitangaza matokeo ya vyombo vidogo walivyowafunga ndege hao miguuni: waliruka toka Uswidi mpaka kusini ya Sahara bila kusimama, safari za kilomita 4 000 na zaidi, moja ikafika karibu kilomita 6 800, kwa siku mbili mpaka nne. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wanapumzika kwanza upande wa Sahel, kisha wanaendelea mpaka bonde la mto Congo. Huyu naye huku haimbi. Mtu anamjua wakati anaruka chini ya miguu yake, mzito, akienda mbele moja kwa moja, na kuonyesha weupe pembeni ya mkia. Ndugu zake wadogo wanaruka kwa kukata kushoto na kuume.

Wa tatu ni mbayuwayu wa buluu, hirondelle bleue. Mwili wake wote ni wa buluu nzito yenye kung'aa kama chuma, na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Huyu hatoki Ulaya. Anazaa katika majani ya milima, toka Afrika ya Kusini mpaka Zambia, Malawi, kusini ya Tanzania na kusini-mashariki ya Congo, wakati wa mvua. Kiota chake anakiweka ndani ya udongo, katika shimo lililobomoka ao lililochimbwa na muhanga. Mvua ikiisha, anaondoka kwenda pande za ziwa Victoria, Uganda na Kenya, kisha anarudi. Anahesabiwa kati ya ndege walio katika hatari, sababu majani ya milimani yanageuzwa mashamba ao mashamba ya miti.

Wa nne ni mdogo sana, na jina lake la elimu ni Sarothrura boehmi. Linamkumbusha Richard Böhm, Mjerumani aliyekufa Katanga mwaka wa 1884. Dume ana kichwa chekundu na mwili mweusi wenye mistari myeupe. Anakuja katika madembo maji yanapojaa, anazaa, na maji yakikauka anaondoka. Huyu anasema: huu, huu, huu, sauti nzito kuliko mwili wake, anairudilia mara nyingi. Lakini kumuona ni kazi. Anatembea chini ya majani kama panya.

Tazameni sasa. Mmoja anasikika na haonekani. Mwingine hasikiki, na anaonekana kwa nukta moja tu akiruka. Wa tatu anaonekana wazi hewani, lakini nyumba yake iko chini ya udongo. Basi tukisema kujua ni kuona, ao kujua ni kusikia, kila mara mmoja wao atatukatalia.

2. Mashahidi watatu

Mwindaji mwenye akili haamini sauti peke yake. Anasikia sauti, kisha anauliza: inatoka wapi? Katika majani yaliyo ndani ya maji, ao pembeni, ao katika shamba lililoachwa? Kisha anauliza: ni mwezi gani? Sauti, mahali na majira ni mashahidi watatu. Katika baraza, shahidi mmoja hatoshi, na katika dembo ni vilevile.

Tutoe mfano. Ni mwezi wa 1, pembeni ya dembo, katika majani yanayofika magotini. Ndege anaruka mbele yetu, miguu inaning'inia, mabawa yana rangi ya kutu. Anakwenda hatua makumi machache, anaanguka katika majani, na tukifika pale hatumkuti, sababu amekimbia chini kwa miguu. Mahali panakubali, mwezi unakubali, rangi ya mabawa inakubali. Tunaweza kusema bila haya: ni râle des genêts. Lakini kama tungesikia katika dembo lilelile sauti ya kukwaruza, hatungesema ni yeye. Kuna ndugu yake wa Afrika, anayehama ndani ya Afrika yenyewe akifuata mvua. Ana rangi nyeusi zaidi, mistari ya weusi na weupe mbavuni, na mabawa yake hayana kutu. Huyo anaita huku. Basi, kwa huyu wa Ulaya, sauti inayosikika kwetu inakuwa ushahidi wa kwamba si yeye. Yule ambaye kwao wanamtambua kwa sauti, kwetu tunamtambua kwa kunyamaza.

Jambo hili linatufundisha kitu juu ya elimu yenyewe. Mtu aliyejifunza kwa kitabu cha Ulaya, akija kumtafuta ndege huyu katika dembo kwa masikio, atasema hayuko. Hatakuwa amesema uongo, lakini atakuwa amesema bila kujua kwamba alama ya mahali fulani si alama ya kila mahali. Sisi walimu tunaliona kosa hili mara nyingi kati ya wenye diplome: wanachukua alama waliyoipata kwingine, wakiikosa hapa wanaandika "haiko".

Kuna kosa la pili, na hilo ni la hatari zaidi. Ni kusikia sauti isiyo na mwili na kuipa mwili wa woga wetu. Katika jamaa ya yule ndege wa nne kuna mwingine, Sarothrura elegans, anayekaa katika vichaka na misitu. Usiku anatoa sauti ndefu ya kuomboleza. Katika pande mbalimbali za Afrika watu walisema sauti hiyo ni ya kinyonga, wengine wakasema ni ya nyoka, wengine ni ya mtu aliyekufa. Hatuwacheki. Mtu anayesikia kilio usiku, na asubuhi hakuti kitu, akili yake inatafuta mwenyewe wa sauti. Lakini tazameni njia ile inavyoendelea. Leo tunaipa sauti mwili wa kinyonga, na kinyonga anapigwa mawe. Kesho mtoto anasema maneno usiku katika usingizi, ndugu mmoja amegonjwa, na sauti ya mtoto inapewa mwili wa ulozi. Akili ni ileile: kukataa kubaki bila jibu. Katiba ya inchi yetu ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto juu ya ulozi, na sheria ya mwaka wa 2009 juu ya kulinda mtoto ilikuja kuongeza nguvu. Hata hivyo sheria haiwezi kumfundisha mtu kuvumilia neno hili dogo: sijue.

Mzee anayejua dembo anasema neno hilo bila aibu. Muulize: "Muzee, ile iko ndeke gani?" Kama hajui, anajibu: "Ile sijue. Nasikiaka sauti yake kila mvua, lakini sijamuona." Katika maneno hayo machache ametenga vitu vitatu: anachokisikia, wakati anaokisikia, na asichokiona. Hakuna kitu cha kuongeza. Profesa wa universite hawezi kuandika ripoti bora kuliko ile. Katika kalasi, mtoto anaogopa kusema sijue kuliko anavyoogopa kudanganya, na tunapaswa kujiuliza nani alimfundisha hivyo.

3. Nani ni mgeni?

Tunawaita ndege hawa wageni. Je, ni kweli? Tuhesabu. Râle des genêts anakaa Afrika miezi minne ao mitano, anakaa anakozaa miezi karibu minne, na miezi mingine yuko njiani. Kwao ni wapi? Kama kwao ni mahali alipozaliwa, basi ni mtu wa Urusi. Kama kwao ni mahali anapokula na kupata nguvu za kuishi, basi Afrika inaweza kumdai pia. Na mbayuwayu wa buluu? Huyo anazaliwa katika udongo wa milima yetu ya kusini-mashariki, na hata hivyo nusu ya mwaka hayuko. Je, kuondoka kwake kunamfanya mgeni? Na yule wa dembo anayekuja wakati maji yanapojaa, anazaa watoto palepale, kisha anakwenda: tumuweke upande gani?

Methali inasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wanadhani methali hii ya pili inamfukuza mgeni. Sisi tunaisoma namna nyingine. Kumpa mtu jembe ni kumpa sehemu ya shamba, ni kumwambia: sasa kazi ya hapa ni yako pia. Wazee hawakumuacha mtu abaki mgeni milele. Walikuwa na siku ya tatu.

Tunasema mambo haya sababu katika Katanga tunajua uchungu wa ulizo hili. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine. Wengi walizaliwa hapa, wazazi wao walikuja juu ya kazi ya migodi na ya njia ya reli. Familia nzima zilingojea magari ya moshi katika vituo kwa majuma na miezi, na watu walikufa pale, watoto zaidi. Namna gani mtu alitambuliwa? Kwa jina, na kwa sauti. Neno moja lililotamkwa kwa namna ya Kiluba cha Kasai lilitosha kumtenga mtu na majirani aliokula nao miaka makumi. Wengine walijifunza kunyamaza sokoni.

Hatuandiki haya kwa kufungua kidonda. Tunayaandika sababu ndiyo yanayofanya ulizo letu kuwa la kweli. Kutambua kwa sauti ni kipawa. Mtu anayesikia tofauti ndogo kati ya huu na huu amepewa masikio mazuri. Lakini kipawa hicho hakina wema ndani yake chenyewe. Masikio yaleyale yanayomtambua ndege ili kiota chake kisikanyagwe yanaweza kumtambua jirani ili nyumba yake ivunjwe. Tofauti haiko katika kusikia. Iko katika ulizo la pili, lile linalokuja nyuma ya kutambua: sasa nimekujua, nitafanya nini juu yako?

Wengine watatuambia: mtu si ndege, msilinganishe. Ni kweli, na kwa sababu hiyo tunalinganisha kwa kiasi. Ndege hadai kura, hadai shamba, hagombei kazi na mtu. Kumkaribisha hakutugharimu sana. Lakini ndiyo maana yeye ni somo la kwanza. Mtu asiyeweza kuvumilia katika majani yake kiumbe kisichomdai kitu, hatutegemei kwamba atamvumilia mwenye kudai.

4. Kumuita kwa uongo

Wawindaji wa zamani walijua kuiga sauti za ndege na za wanyama. Mnyama anakuja akidhani ni mwenzake, anakuta mshale. Sasa telefone inafanya kazi ile vizuri kuliko mdomo. Mtu anaweka ndani yake sauti ya dume wa dembo, anaifungulia pembeni ya maji, na dume mwenyeji anatoka kulinda mahali pake. Watu wa elimu wanaitumia njia hii kwa kuhesabu ndege wasioonekana, na kweli inasaidia sana. Tunauliza: je, huu ni uongo?

Wengine wanasema ndege hana akili ya kudanganywa, kwa hiyo hakuna uongo. Sisi tunaona jibu hilo ni la haraka. Dume anayetoka anaacha chakula, anaacha kulinda, anajitokeza mbele ya mwewe, juu ya adui ambaye hayuko. Hasara yake ni ya kweli hata kama neno uongo halimfai. Kama sauti imefunguliwa mara moja, kwa muda mfupi, na mtu anaandika alichokiona kisha anaondoka, tunaweza kukubali, sababu kujua kwamba yuko kunaweza kulinda dembo lake. Kama inafunguliwa asubuhi nzima juu ya kupiga picha ya kuonyesha marafiki, hatukubali. Na kama ni wakati wa kulalia mayai, bora kukaa na kungoja. Kungoja ndiyo njia ya zamani kuliko zote: kufika mbele ya jua kuchomoza, kusimama upande wa chini ya upepo, kunyamaza, na kuacha dembo liseme lenyewe. Njia hiyo haimgharimu ndege kitu. Inamgharimu mtu usingizi wake, na ni haki sababu ndiye anayetaka kujua.

5. Kujua kunadai nini

Tunafika kwenye pingamizi kubwa. Mama anayetafuta chakula cha watoto atatuambia: "Walimu, ndeke ni nyama. Mukisha kumutambua, atabaki nyama." Hatuna haki ya kumjibu kwa maneno matamu. Njaa ni ya kweli, na mtego wa pembeni ya shamba haukutegwa juu ya ukatili. Tena mtego hauchagui. Unawekwa juu ya kwale na kanga, na siku moja unamkamata yule aliyetoka Urusi.

Lakini tutamwambia pia jambo lililotokea Ulaya. Kule râle des genêts alipungua sana katika karne ya 20, na sababu kubwa haikuwa bunduki. Ilikuwa mashine za kukata majani ya ng'ombe. Mashine zilianza kukata mapema, watoto wakiwa wadogo. Tena zilikata kwa kuzunguka toka pembeni kuelekea katikati. Ndege huyu anaogopa kuvuka mahali pa wazi, basi alikimbilia katikati pamoja na watoto, mpaka mashine ikafika katikati. Wakulima hawakumchukia. Hawakujua. Walipofahamishwa, wengine walianza kukata toka katikati kwenda nje, na kuchelewesha kazi majuma machache. Majani yalikatwa vilevile, ng'ombe walikula vilevile, lakini ndege alipata mlango.

Kwetu tuna kitu kinachofanana: moto wa kuzungusha. Wawindaji wanawasha majani pande zote, moto unakutana katikati, na kila kilichomo kinaungua ao kinauawa kikitoka. Tuseme wazi kwamba moto si adui peke yake. Bila moto kabisa, madilungu mengi yangefunikwa na vichaka, na ndege wa majani wangekosa kwao. Moto wa mwanzo wa kiangazi, mwezi wa 5 ao wa 6, majani yakiwa bado na maji, unapita kwa upole na kuacha sehemu zisizoungua. Moto wa mwezi wa 9 unakula yote na miti michanga pia. Râle des genêts mwenyewe hayuko wakati huo, anafika moto umekwisha. Lakini wengine wako. Basi hatuombi watu waache moto, wala waache kuwinda. Tunaomba kile kilichoombwa kwa mkulima wa Ulaya: usizungushe. Acha upande mmoja wazi. Nyama itapungua siku ile, lakini mwaka unaofuata kutakuwa na cha kuwinda.

Sheria iko. Sheria ya kuwinda ni ya mwaka wa 1982, sheria ya kulinda viumbe ni ya mwaka wa 2014, na inchi yetu imo katika Mapatano ya Bonn ya mwaka wa 1979 juu ya wanyama wanaohama. Lakini ni nani katika mugini amezisoma? Mapatano yale yana wazo moja ambalo wazee wangelielewa mara moja: kiumbe kinachopita katika mikono ya wengi, kila mmoja analinda sehemu yake ya njia. Mtu wa Uswidi hawezi kulilinda dembo letu. Sisi hatuwezi kuzuia mashine ya kule. Yeye anaijua sauti na hajui mahali pa mvua. Sisi tunajua mahali na hatujui sauti. Hakuna mmoja wetu mwenye ndege mzima.

Na hilo ndilo jibu letu kwa ulizo la mwanzo. Kusikia si kuona, ni kweli, lakini kuona pia si kujua kote. Kujua ni kukusanya mashahidi, kusema wazi nani aliona na nani alisikia, kukubali kwamba mwingine ana nusu ambayo hatuna, na kujizuia kutenda juu ya kiumbe mbele ya mashahidi kukubaliana. Anayefuata kanuni hiyo katika dembo ataichukua pamoja naye akirudi mjini.

Tunamaliza na ombi kwa wanachama na kwa wasomaji. Majina ya ndege katika lugha zetu, Kisanga, Kilamba, Kiluba, Kibemba na nyingine, mengi ni sauti zao zenyewe. Lakini vijana wa mjini wanasema tu "ndeke", wakubwa na wadogo pamoja. Wazee wanaojua kutenganisha wanapungua. Mvua inayokuja, kila mmoja achukue kayé, amtafute mzee wa kwao, aandike: jina, sauti jinsi mzee anavyoiiga, mahali, mwezi, na aliyemuona. Pale ambapo hakuna aliyemuona, iandikwe hivyo: hakuonekana, amesikika tu. Na pale ambapo mzee atasema sijue, neno hilo nalo liandikwe, pamoja na jina lake na tarehe.